Tupeane uzoefu: skini jinzi na maumbile yetu, kwako ilikataa wapi na ulifanyaje?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma ushauri wa mavazi unaoipanga miili ya watu kwa majina ya matunda, kisha unatamka kwamba huyu skini, yaani jinzi inayobana mguu mzima, inamfaa na yule haimfai. Ushauri wa namna hiyo haukunisaidia hata siku moja, kwa sababu hautaji mahali hasa ambapo suruali inagoma. Ninachoomba hapa ni kila mmoja wetu aeleze skini jinzi ilimkatalia wapi, iwe pajani, kiunoni, kwenye shavu la mguu au kwenye urefu, na alifanya nini hadi akaivaa kwa raha. Na kama aliamua kuiacha, atueleze sababu. Naanza mimi.

Kiuno changu kina sentimita 72 na nyonga zangu zina sentimita 104. Tofauti hiyo ya sentimita 32 ndiyo iliyonitesa tangu nilipoanza kujinunulia nguo. Suruali iliyonienea nyongani iliacha uwazi mgongoni wa kupitisha ngumi, na iliyonikaa vizuri kiunoni haikupita mapajani. Kwa miaka mingi nilichagua ile ya kiuno, nikawa nalala chali kitandani ili niweze kupandisha zipu, na jioni nikiivua nilikuta mshono umechora mstari mwekundu kutoka nyongani hadi gotini. Mkanda haukuwa dawa, kwani ulikusanya kitambaa kikajikunja nyuma na kunichubua.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani aliyenipima kwa utulivu na kuniambia ninunue suruali kwa kipimo cha sehemu yangu iliyo pana kuliko zote, kwa kuwa palipozidi hupunguzwa lakini palipopungua hapaongezeki kirahisi. Nilimpelekea jinzi iliyonienea nyongani bila kuvutana. Alifumua mkanda wa kiuno upande wa nyuma, akaingia kwenye mshono wa katikati unaoshuka kati ya mifuko ya nyuma, akapunguza sentimita 4 juu kabisa na kuendelea kupunguza kidogo kidogo hadi mshono ukaungana na ule wa zamani, kisha akaurudisha mkanda mahali pake. Alinionya kwamba angezidisha hapo, mifuko miwili ya nyuma ingesogeleana na suruali nzima ingeonekana imepinda. Tangu siku hiyo sijalala chali kufunga zipu, na ninasikitika kwamba hakuna aliyeniambia jambo hili nikiwa na miaka kumi na saba, wakati nilipoamini kuwa kasoro iko mwilini mwangu.

Mchangiaji wa kwanza

Asante, dada, kwa kufungua mada hii. Mimi ni mwanaume mrefu na mwembamba, na kila mtu hudhani skini ilishonwa kwa ajili ya watu kama mimi. Ukweli ni kwamba jinzi zangu za kwanza zilinionyesha kila mfupa wa goti, na viatu vyangu vilionekana vikubwa mno chini ya miguu hiyo. Niliziacha kwa miaka miwili. Baadaye niligundua kwamba kosa langu lilikuwa kitambaa. Nilikuwa nanunua jinzi nyepesi zenye kuvutika sana, na kitambaa cha aina hiyo hakina umbo lake chenyewe. Hufuata tu kile kilichomo ndani. Uzito wa jinzi hupimwa kwa aunsi katika kila yadi ya mraba, na nilipopata yenye aunsi 13, ya pamba tupu, niliona suruali ikisimama yenyewe na kuacha nafasi ndogo kati yake na mguu. Wiki za mwanzo ilikuwa ngumu kama turubai, na nakiri kwamba kukunja magoti kulikuwa kazi, lakini baada ya hapo ililainika ikashika mikunjo ya mwili wangu.

Jambo la pili ni namba mbili zilizoandikwa kwenye lebo. Nilidhani zote zinahusu kiuno. Ya kwanza ni kiuno kwa inchi, na ya pili ni urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi kwenye upindo. Mguu wangu ni inchi 36, nami nilikuwa nanunua 32 na kushangaa kwa nini soksi zinaonekana.

Mchangiaji wa pili

Mimi tumbo langu ni kubwa na miguu yangu ni myembamba. Nimevaa mashati mapana ya kufika mapajani kwa karibu miaka kumi, si kwa kupenda, bali kwa sababu kila suruali yenye kiuno cha chini ililikata tumbo katikati na kulifanya lionekane mawili. Nilishauriwa kuvaa zenye kiuno cha juu, nikanunua, na niliposimama mbele ya kioo nilifurahi sana. Nilipokaa, furaha ikaisha, kwani mkanda ulinichoma chini ya mbavu kiasi kwamba nilifungua kifungo kwa siri nikiwa mbele za watu.

Kilichonisaidia ni kujaribu suruali nikiwa nimekaa, si nikiwa nimesimama. Sasa nikienda kununua, naomba kiti. Nakaa, nainama kana kwamba nafunga kamba za viatu, kisha nahesabu hadi sitini kabla ya kuamua. Kwa njia hiyo niligundua kwamba mwili wangu unataka kiuno kinachoishia kidogo chini ya kitovu, si juu yake, na kitambaa cha mkanda kiwe kinavutika. Kwa kuwa nanunua kwa kipimo cha tumbo, miguu hunipwaya, na fundi huipunguza kuanzia juu ya goti hadi chini. Yale mashati bado ninayo, ila sasa nayavaa siku ninapotaka kuyavaa.

Mchangiaji wa tatu

Ninaendesha baiskeli kwa mashindano, na mashavu ya miguu yangu yana sentimita 43. Skini nyingi hupita unyayo, hupita kifundo, kisha husimama hapo. Nikifaulu kuivuta hadi juu, nikikaa chini kitambaa hupanda juu ya shavu la mguu, na nikisimama hakirudi. Hubaki kimejikusanya nyuma ya goti. Tena kuna suala la mapaja yanayosuguana, ambalo kwangu hutoboa suruali mpya ndani ya miezi michache, mahali pale pale karibu na mshono wa msamba.

Niseme wazi kwamba mimi nimeiacha skini yenyewe. Ninavaa ile inayokaa karibu na paja na kupungua taratibu kuelekea chini bila kung'ang'ania shavu la mguu. Kwa ule msuguano, nashonea kipande cha kitambaa laini kwa ndani mapema, suruali ikiwa bado mpya, badala ya kungoja tundu litokee. Sijuti kuiacha, na sioni kwamba mtu analazimika kushinda kila vazi.

Mwanzisha mada

Kaka, nakushukuru kwa kusema hilo la kuiacha, kwani nilihofia kwamba mada hii ingekuwa ya ushindi mtupu. Hilo la kushonea kipande mapema nalichukua, maana nami nimekuwa nangoja matundu.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni fundi wa nguo, na naomba niongezee kuhusu kitambaa, kwa sababu nusu ya malalamiko ninayoletewa chanzo chake ni uzi. Jinzi ilianza kuwa nguo ya kazi ngumu. Hati ya ubunifu ya Levi Strauss na Jacob Davis ya mwaka 1873 ilihusu kuimarisha kona za mifuko kwa vipande vya chuma ili zisichanike, na suruali zenyewe zilikuwa pana. Uzi wa elasteni, ule unaovutika ambao wengi huuita spandeksi, ulivumbuliwa mwaka 1958 na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Ulipoanza kufumwa pamoja na pamba ya jinzi, ndipo suruali ya kubana ilipoweza kuvaliwa na watu wengi wenye miili tofauti bila kuwazuia kukaa wala kuchuchumaa.

Elasteni katika jinzi kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi za mshindio, zile zinazokatisha upana wa kitambaa, na si kwenye mtande unaokwenda kwa urefu. Ndiyo maana suruali yako huvutika kuzunguka paja lakini haivutiki kutoka kiunoni kwenda chini. Mtu mwenye makalio makubwa akiinama, anahitaji urefu zaidi nyuma. Asipoupata, mkanda wa kiuno hushuka na mgongo hubaki wazi, na hakuna kiwango cha mvutiko wa upana kitakachomwokoa. Anachohitaji ni suruali iliyokatwa nyuma juu zaidi kuliko mbele. Geuza jinzi kabla ya kununua, ikunje katikati, ulinganishe mbele na nyuma kwa macho yako.

Kuhusu kiasi, asilimia 1 au 2 ya elasteni hutosha watu wengi. Vuta kitambaa cha paja kwa upana, kiachie, uangalie kama kinarudi palepale. Kisiporudi dukani, magotini kitatoa vifuko baada ya siku chache. Na tafadhali, elasteni huharibiwa na joto na klorini. Mnaotumia dawa ya kung'arisha yenye klorini au pasi ya moto mkali, mnaua mvutiko kwa mikono yenu wenyewe. Igeuze nje ndani, ifue kwa maji baridi, uianike kivulini.

Mchangiaji wa tano

Naomba nieleze kilichonipata ili mwingine asikipuuze. Nilikuwa nikivaa skini iliyobana kiunoni pamoja na mkanda mpana, kila siku ya kazi. Nikaanza kuhisi ganzi upande wa nje wa paja la kulia, kisha ganzi ikageuka mwasho wa moto, kana kwamba mtu amenimwagia maji ya moto. Nilidhani ni mgongo. Daktari aliponichunguza aliniambia kwamba mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya sehemu hiyo, unaopita karibu na mfupa wa nyonga kwa mbele, ulikuwa ukigandamizwa. Hali hiyo huitwa meralgia parestetika, na nguo za kubana ni mojawapo ya vyanzo vyake, sawa na ujauzito au kuongezeka uzito. Niliacha mkanda na suruali ile, na baada ya wiki kadhaa moto ukapungua hadi ukaisha.

Mwaka 2015 jarida moja la kitabibu lilichapisha habari za mwanamke wa Australia aliyeshinda akichuchumaa kwa saa nyingi akiwa amevaa skini, akitoa vitu kabatini wakati wa kumsaidia mtu kuhama. Miguu yake ilivimba hadi suruali ikalazimika kukatwa, na ilichukua siku kadhaa kabla hajatembea tena bila msaada. Bado ninavaa skini, lakini siku ya kazi za kuchuchumaa naiacha nyumbani, na ganzi yoyote nikiihisi naivua hapo hapo.

Mchangiaji wa sita

Mimi natumia kiti cha magurudumu, na mwili wangu ni mwili uliokaa. Suruali karibu zote hukatwa kwa mtu aliyesimama, hivyo kwangu nyuma hushuka na mbele hurundikana tumboni. Aliyoyasema fundi kuhusu nyuma kuwa juu kuliko mbele ni kweli mara kumi kwa mtu kama mimi. Kuna jingine zito zaidi: miguu yangu haina hisia kamili, kwa hiyo siwezi kujua mshono mnene au kifungo cha mfuko wa nyuma kinaponigandamiza. Niliwahi kupata kidonda cha mgandamizo kilichonilaza kwa miezi, na kilianzia kwenye mfuko wa nyuma wa jinzi niliyoipenda.

Sikukubali kuacha kuvaa ninachokipenda. Fundi wangu aling'oa mifuko ya nyuma yote miwili, akasawazisha mshono wa kati kwa kuutandaza ubaki bapa, akaongeza kipande cha kitambaa kinachovutika nyuma ya kiuno, na kufupisha mbele. Ninanunua saizi moja zaidi ya ile inayoonekana kunitosha, na kila jioni naikagua ngozi kwa kioo. Kwa miguu iliyopungua misuli kama yangu, skini ina faida ambayo suruali pana haina: kitambaa hakiingii kwenye magurudumu.

Mchangiaji wa saba

Kwa sisi wafupi, neno moja tu. Msikate suruali chini na kuiacha hivyo. Skini hupungua upana kadiri inavyoshuka, kwa hiyo ukikata sentimita 10 unaondoa sehemu iliyobana kifundo, na goti la suruali linabaki chini ya goti lako. Tafuteni kwanza iliyokatwa kwa ajili ya mguu mfupi. Mkiikosa, mwombeni fundi aanze upya kupunguza kuanzia gotini.

Mchangiaji wa nane

Nilikuwa na skini ya bluu iliyokoza niliyoivaa kabla ya kujifungua. Kwa miaka miwili niliitundika mlangoni kama kipimo cha kurudi nilikokuwa, na kila nilipoijaribu ikagota kwenye nyonga nilikasirika siku nzima. Uzito wangu ulikuwa umesharudi ule ule. Nyonga ndizo zilizobaki pana, na hilo sikulielewa. Mwezi uliopita niliishusha, nikaipeleka kwa fundi, akafumua mishono ya pembeni kutoka kiunoni hadi chini na kuweka ukanda mweusi wa kitambaa kinachovutika, upana wa vidole viwili kila upande. Aliniuliza kama atafute rangi ya bluu inayofanana ili usionekane. Nilimwambia aache huo huo mweusi, na nimeivaa leo ninapoandika.