Mrejesho: besi ya shingo mbili

Wakuu, niliuliza kama besi (gitaa la sauti nzito) ya shingo mbili, moja yenye freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na nyingine isiyo nazo, inafaa jukwaani. Nimeshaipiga. Raha yake ni ya kweli: ndani ya wimbo uleule unahama kutoka noti zilizokatika hadi zile za kuteleza, bila kubadilisha chombo. Ila uzito jamani! Mkanda mpana unapunguza maumivu ya bega, lakini ukiachia mkono wa kushoto tu, vichwa vya shingo zake vinaelekea sakafuni. Ukipiga shingo ya chini, mkono wa kulia unavuka nyuzi za shingo ya juu, nazo zinavuma zenyewe. Bila swichi ya kuzima pikapu (vinasa sauti) za shingo hiyo ya juu, ni kelele. Nitaibeba kwa nyimbo chache. Mazoezini, besi ya kawaida inatosha.