Wa Kwenda Uyui Jumamosi

*Kikundi: UKOO WA BABU*

Dada Mwaju, 06:12
Asalaam alaykum ukoo. Jumamosi saa nne asubuhi ni mkutano mkuu wa kijiji. Wale wa mradi wa umeme wa jua wanakuja, na shamba la Babu limo kwenye ramani yao. Nataka watu watatu.

Dada Mwaju, 09:40
Watu 23 mmesoma. Nani anakwenda?

Shija, 10:05
Mimi niko Urambo na tumbaku, sitoki kabla ya soko. Nipigieni picha za hizo paneli 😂

Dada Mwaju, 10:07
Paneli bado, Shija, ndiyo maana twende sasa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi anaamua waziri, ila maoni ya mkutano lazima ayapate kwanza. Tusipokuwepo watasema nini kwa niaba yetu?

Kaka Rama, 12:51
Na huo umeme tutaupata, au nyaya zitatupita juu tu?

Dada Mwaju, 12:53
Unaingia gridi ya taifa, kama ule wa Kishapu walioanza na megawati 50. Kuwashiwa kijijini tuombe Jumamosi, iandikwe kwenye muhtasari.

Juma, 13:20
Fidia si inahesabu miti? Usiku huu napanda miembe 😂

Shija, 13:21
Changanya na mipapai, inawahi 😂😂

Dada Mwaju, 13:30
Wathamini wana tarehe yao. Ukipanda baada ya hapo hulipwi. Jamani, tuorodheshe kilichopo.

Mama Mdogo Zaina, 17:15
Hela zitapita mkono wa nani? Yale ya mnara hayajanitoka.

Baba Mdogo, 17:48
Zaina, lile nililieleza mbele ya wazee.

Mama Mdogo Zaina, 17:49
Ulieleza. Hukurudisha.

Babu (simu ya Neema), 20:31
Bibi yenu amelala chini ya ule mwembe mkubwa, na nafasi yangu iko ubavuni pake. Wanijibu hilo kwanza, bei baadaye.

Dada Mwaju, 21:50
Tumekusikia Babu.

Mama Mdogo Zaina, 22:04
Nakwenda. Nauli ninayo.

Shija, 22:06
Mama Mdogo, nibebee asali ukirudi.

Dada Mwaju, 22:10
Bado wawili. Baba Mdogo? Naona umesoma.

Baba Mdogo, 23:37
Nitaangalia Ijumaa.