Kaniwekea YAI juu ya mota. Mbele ya watu. Yai!

#1 Pinyoni_Kavu
Wakuu, habari za jioni, ingawa yangu si nzuri.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Gari langu dogo la rimoti bado liko kwenye mfuko, betri sijachomoa, mkono unatetemeka. Naandika na hasira zangu na sitaki mtu aje kuniambia nitulie.

Yule bwana mnamjua. Simtaji. Yule mwenye boksi la vifaa lenye droo nyingi kama kabati la bibi harusi. Yule mwenye kipima joto cha kulenga kama bastola. Asiyewahi kushika ufagio tangu tuanze kukimbiza magari pale. Mnamjua.

Leo hiti ya pili, yaani raundi ya pili ya mbio, nimemaliza wa tano. Tulikuwa sita, na wa sita betri yake ilichomoka, lakini hayo hayahusiani. Narudi mezani, natoa bodi, lile ganda la juu, sijakaa hata kwenye kiti. Jamaa kaja, kalenga, kasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "TISINI NA NNEEE!" Watu wote wakageuka.

Hapo ningesamehe. Tisini na nne ni namba tu. Lakini getini alikuwa anapita muuza mayai, yule kijana mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha na kachumbari. Jamaa akamwita. Akanunua yai moja. Akalimenya taratibu, huku ananiangalia. AKALIWEKA JUU YA MOTA YANGU. Akasema, "Subirini lipate moto, la baridi linanisumbua tumbo."

Na yule muuza mayai, mtu ambaye sijawahi kumkosea maishani mwangu, akauliza: "Nilete na chumvi?"

Walicheka wote. Alicheka mlinzi. Alicheka mtoto wa dada yangu, niliyemleta mwenyewe kwa nauli yangu, soda nimemnunulia mwenyewe, ile soda ikamtokea puani.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Gari langu ni TT-01, chesisi iliyokuwa inakimbia kabla TT-02 haijatoka mwaka 2013. Nimelinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Lilikuja na gia kubwa ya meno 61 na pinyoni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya 19. Ukigawanya, ukazidisha na ile 2.6 ya difu, gia za kugawa nguvu kwenye tairi, unapata 8.35, yaani mota inazunguka mara nane na ushee ndipo tairi lizunguke mara moja. Kuondoka linaondoka kama swala, lakini kwenye mstari mrefu linapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi na haliendi popote. Nikalalamika. Nani alikuja kwenye meza yangu na glasi ya juisi ya miwa akaniambia, "Panda gia, dogo, weka 55 kwa 25, mota ya kawaida ya rangi ya fedha haifi"? NANI?

55 kwa 25 ni 5.72. Nilipiga hesabu kwa kalamu usiku ule. Tairi lina milimita 64, mzunguko wake ni kama 201. Zamani mota ikizunguka mara moja nasogea milimita 24, sasa nasogea 35. Nililala nacheka peke yangu. Nilidhani nimepewa siri ya ukoo. Kumbe natengenezwa niwe jiko.

Yai, wakuu. Limemenywa. Limeacha alama ya unyevu kwenye mota, naiona hapa nikiwasha tochi.

#2 Kona_ya_Tatu
Pole sana mkuu. Swali moja tu. Alilila?

#3 Pinyoni_Kavu
Alilila. Na kachumbari.

#4 Kona_ya_Tatu
Basi hakuna kilichopotea.

#5 Bodi_Lexani
Nilikuwepo. Mleta uzi hajasema kila kitu. Alipoona yai limewekwa alisema, "Msiliguse, litateleza likaingia kwenye gia." Yaani alikuwa analinda yai.

#6 Pinyoni_Kavu
Nilikuwa nalinda GIA, wewe. Na kama ulikuwepo mbona hukunitetea?

#7 Bodi_Lexani
Nilikuwa nanunua yai langu.

#8 Mzee_wa_Brashi
Mwanangu Pinyoni, nakupa pole ya yai, ya mota sikupi.

Pale petu kuna mstari mmoja tu wa maana, kutoka nguzo ya taa hadi kwenye kontena. Baada ya hapo ni kona, kona, na ile kona ya kugeuka kabisa kurudi ulikotoka. Kwa 5.72, mota inaanza tu kuchangamka na wewe umeshakanyaga breki. Mota ya brashi, hii ya kawaida inayopitisha umeme kwa vipande vya kaboni, ukiibana trega yote huku inazunguka polepole inakunywa umeme kama ngamia aliyefika kisimani, na umeme ukizidi mara mbili, joto kwenye waya zake linazidi mara nne. Gia ndefu ni za uwanja mrefu. Wewe umechukua gia za barabara ya Morogoro ukaja nazo uchochoroni.

Fanya hivi. Weka 58 kwa 22, hiyo ni 6.85. Kimbia dakika tatu, simama, gusa mota. Ukiweza kuacha kidole huku unahesabu mpaka tano bila kuruka neno, umekaa vizuri. Ukishindwa kufika mbili, shusha meno ya pinyoni. Mimi nikiona 70 kwenye kipimo naanza kuwaza, nikiona 80 nazima. Sumaku ikishapikwa hairudi, utabaki na mota inayozunguka bila nguvu na hutajua kwa nini.

Halafu jambo la pili. Vile vipima joto vya kulenga vinadanganya kwenye chuma kinachong'aa, vinasoma chini ya joto lenyewe. Bandika kipande cha utepe mweusi juu ya mota ndipo ulenge. Kama alisoma 94 kwenye fedha tupu, mwanangu, ilikuwa zaidi.

La tatu: zile bushi umebadilisha?

#9 Pinyoni_Kavu
Shikamoo mzee. Bushi zipi?

#10 Kona_ya_Tatu
WAKUU. AMEULIZA BUSHI ZIPI.

#11 Bodi_Lexani
Nimeanguka kitandani.

#12 Mzee_wa_Brashi
Marahaba. Lile gari kwenye boksi lake halina beringi za gololi, lina bushi, vile vipete visivyo na gololi. Kama wote waliokuuzia hawakubadilisha, basi tairi zako zote nne na propela vinazunguka juu ya bushi zilizojaa mchanga wa pale kwenye kontena. Inua gari, zungusha tairi la mbele kwa kidole. Linazunguka mara ngapi?

#13 Pinyoni_Kavu
Nimezungusha sasa hivi.

#14 Mzee_wa_Brashi
Enhe?

#15 Pinyoni_Kavu
Halijamaliza mzunguko.

#16 Kona_ya_Tatu
Huyo yai lilimfaa, kwanza lilikuwa dogo. Ningeleta sufuria la maharage.

#17 Pinyoni_Kavu
Mada ni YAI. Bushi ni jambo langu mimi na gari langu. Mtu mzima na akili zake kamenya yai, mbele ya mtoto wa dada yangu, kaliweka kwenye mota ya mwenzake, kwa gia ALIZONISHAURI YEYE. Hilo hakuna anayeliongelea.

#18 mgeni_4471 (amejiunga leo)
Nani kasema 94? Ilikuwa 97. Nilikupunguzia kwa heshima.

#19 Pinyoni_Kavu
HUYU NI YEYE. Wakuu huyu ni yeye. Amefungua akaunti leo.

#20 mgeni_4471 (amejiunga leo)
Mimi napita tu. Lakini nijuavyo, huyo bwana alisema "weka 55 kwa 25 ukishabadilisha bushi." Nusu ya pili hukuisikia kwa sababu ulikuwa unaikodolea macho juisi ya watu.

#21 Msee_wa_Lami
Watu wa Dar bado mnashindana na mota za brashi? Huku Nairobi tulishahama kitambo, mota za 17.5 (mizunguko ya waya) bila brashi, spidi kontrola, kile kifaa cha kudhibiti mota, imefungwa taimingi isiiongezee mbio, hakuna mtu anaulizana mambo ya mayai.

#22 Mzee_wa_Brashi
Mkenya, 17.5 isiyo na taimingi inataka resho ya 4 hivi, yaani mota mara nne, tairi mara moja. Kwenye TT-01 utaipatia wapi? Gia zake za kawaida zinaishia hapo hapo kwa 55 na 25. Utakuwa na mota ya bei mbaya inayopiga kelele tu huku mtoto mwenye mota ya fedha anakupita. Hama na chesisi, ndipo uhame na mota.

#23 Msee_wa_Lami
Sawa mzee, nimeshika adabu. Lakini ukweli usemwe, huku tatizo letu ni la wale watu wa drifti, wa kutelezesha magari makusudi. Wanakuja saa mbili asubuhi na vile vitairi vyao vya plastiki, wanazunguka palepale kwenye kona moja kama kuku aliyekatwa kichwa, mpaka saa sita hawajatoka. Ukiwaambia wapishe wanakuambia "buda, hii ni sanaa."

#24 Kona_ya_Tatu
Hata huku wapo! Na hawafagii!

#25 Bodi_Lexani
Hawafagii na wanaleta spika.

#26 Bin_Mutrah
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Muscat, nawasoma nacheka na mke wangu ananiuliza nacheka nini. Huku kiangazi hewa yenyewe imeshavuka 40 kabla hujawasha rimoti, mota inaanzia hapo. Sisi tunakimbiza baada ya Isha, na bado naweka feni ndogo juu ya mota na nimeshusha pinyoni meno mawili kuliko nilivyokuwa nakimbia Unguja. Huku rafiki yangu mmoja aliniwekea mkate wa chapati juu ya spidi kontrola. Nikamwambia bora ungeweka na samli.

#27 Pinyoni_Kavu
Bin Mutrah asante, wewe peke yako umenielewa.

#28 Bin_Mutrah
La, mimi nilikuwa nacheka.

#29 Gia_Sita
Mimi nina langu na nalisema leo. Kuna yule mwingine, mnamjua pia, aliyeniuzia pinyoni akasema "ni ya gari lako." Nikafunga. Dakika moja, gia kubwa imenyolewa meno upande mmoja kama mtu aliyetoroka kinyozi. Kumbe ile ni ya 48, saizi nyingine ya meno, na TT-01 inatumia saizi ya moduli 0.6. Kwa macho zinafanana, ukizisaga pamoja zinakula nyama. Nikamrudishia akasema ilikuwa nzima ilipotoka kwake.

#30 Mzee_wa_Brashi
Huyo naye! Mimi aliniuzia shokapu za mafuta, mbili zina mafuta, mbili zina hewa.

#31 Kona_ya_Tatu
Mafuta yenyewe alikuwa nayo ya kupikia.

#32 Bodi_Lexani
Usicheke, kuna mtu pale kwetu difu yake ya nyuma kajaza chingamu ili iwe ngumu. Kwa lami ya baridi gari linapinda vizuri kabisa. Jua likipanda, chingamu inalainika, gari linaanza kukata kona kama mlevi.

#33 Kona_ya_Tatu
Ni wewe.

#34 Bodi_Lexani
Ni mimi.

#35 Pinyoni_Kavu
Wakuu turudi kwenye mada. Nimeweka 58 kwa 22 sasa hivi, nimekaa sakafuni na tochi, mke wangu ameshalala. Lakini bado nataka mtu aseme wazi kwamba kitendo cha yai hakikuwa cha kiungwana. Mtu mmoja tu.

#36 Gia_Sita
Umefunga pinyoni kwa alenki gani, ule ufunguo wa pembe sita?

#37 Pinyoni_Kavu
Ya 1.5.

#38 Gia_Sita
Ile yenye mkono wa bluu?

#39 Pinyoni_Kavu
Ndiyo, kwa nini?

#40 Gia_Sita
Wakuu, ile ni YANGU. Nilimkopesha mwezi wa tatu akasema anakaza skrubu moja tu ya pinyoni anarudisha. Nimenunua nyingine, ikapinda. Nimekuwa nafungua pinyoni kwa meno kama mbwa. Mwezi wa tatu!

#41 Kona_ya_Tatu
Ninyi mnaona? Bisibisi yangu ya nyota ilipotelea meza ileile.

#42 Bodi_Lexani
Na mizani yangu ndogo.

#43 Pinyoni_Kavu
Mizani sijui habari zake. Alenki nitaleta Jumapili. Sasa kuhusu yai...

#44 Gia_Sita
Alenki kwanza.

#45 mgeni_4471 (amejiunga leo)
Alenki kwanza.

#46 Msee_wa_Lami
Samahani kukatiza, lakini kuna mtu Dar mwenye chaja ya lithiamu ya seli mbili? Yangu imekufa, na ya kuagiza nje inakaa posta mpaka mtoto anazaliwa anaanza shule. Nina safari ya huko wiki ijayo.

#47 Kona_ya_Tatu
Ninayo. Ina feni mbovu ila inachaji vizuri, inafika volti 8.4 inazima yenyewe.

#48 Msee_wa_Lami
Bei?

#49 Kona_ya_Tatu
Njoo inboksi.

#50 Bin_Mutrah
Ikiwa bado ipo nami naihitaji, kuna mtu anakuja Muscat mwisho wa mwezi.

#51 Kona_ya_Tatu
Mkenya kaniwahi. Lakini nina betri, haijavimba sana.