Naomba ushauri: ninunue gitaa la Squier sasa au ningojee la Fender?

Wandugu wapiga gitaa, salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Napiga solo katika kwaya ya kanisa, na gitaa ninaloazima, mwenye nalo analihitaji. Lazima ninunue langu.

Nataka Stratocaster, aina ya gitaa la umeme, maana sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, inadai sauti safi, kali, inayopenya juu ya ngoma. Squier na Fender ni za kampuni moja, na urefu wa nyuzi ni uleule, kama sentimita 64.8. Ila Fender ya Marekani, ile American Professional, inapita dola 1,500. Squier ya kuanzia naiweza mwaka huu.

Ninachoogopa ni funguo za kukazia nyuzi kulegea katikati ya wimbo, vijichuma vya shingo kukwaruza vidole, na zaidi ya yote shingo kupinda: masika yetu yana unyevu mwingi, kisha kiangazi kinakausha mbao. Pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, nitabadilisha baadaye. Shingo je?

Mliokaa na Squier miaka kadhaa, inashika tuni? Na Fender ya Meksiko, kwenye ampli (kikuza sauti) ya kawaida, tofauti yake na Squier inasikika kweli? Kama kuna fundi mzuri wa shingo hapa mjini, nielekezeni tafadhali.