Mjadala: Bunduki ya .223 inatosha kwa kulungu, au Virginia wana haki kuikataza?

MkaaVirginia: Ndugu zangu mnaowinda huku Marekani, hili linanikera kila msimu. Virginia hairuhusu kumpiga kulungu kwa bunduki iliyo chini ya kaliba .23, yaani unene wa risasi wa inchi 0.23, kwa hiyo .223 iko nje. Texas wanairuhusu, wanachokataza ni vile vi-.22 vidogo vya kupigia sungura. Kulungu ni yuleyule wa mkia mweupe! Ninavyoona, sheria inapima unene wa risasi na kusahau kichwa chake kimetengenezwaje. Chukua risasi iitwayo Partition, ya greni 60 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi): ndani ina ukuta wa shaba, sehemu ya mbele inachanua, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kuzama. Kichwa chepesi cha kuulia koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa Marekani, kinapasuka juujuu kikigonga bega, mnyama anakimbia na donda. Vyote ni .223. Tupime kichwa.

DumeLaPori: .223 ni bunduki ya watoto na akina mama. Chukua .243, ipo tangu 1955, inarusha hadi greni 100. Mjadala umekwisha.

BintiTanga: Umekwisha kwa nani, kaka? Mimi ni mama, nawinda Texas kwa .223, na nyama ya kulungu inaliwa kwangu. Bunduki isiyopiga teke haikufundishi kufumba macho unapovuta. Mwenzio kaleta hoja ya kichwa cha risasi, wewe umeleta akina mama.

DumeLaPori: Dada, sikukutaja.

BintiTanga: Akina mama ni nani kama si mimi? Jibu hoja.

DumeLaPori: Haya. Mnyama akigeuka kidogo ukampata kwenye mfupa wa bega, kirisasi chako kitafika mapafuni?

BintiTanga: Akigeuka sivuti. Nasubiri aoneshe ubavu, nampiga nyuma ya bega. Wewe mwenye .243 unamfyatulia vyovyote alivyosimama?

MzeeWaKaleTX: Wanangu, msigombane. Bell, yule Mskoti wa Karamoja kule Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, bunduki ambayo wenzake waliiona ndogo mno kwa ndovu. Shabaha kwanza, kaliba baadaye.

MtuWaMoroto: Mzee, shikamoo, lakini hapo umenigusa. Kwetu Karamoja huyo hatumtaji kama mwalimu wa shabaha. Alikuja kuchukua pembe, akaondoka nazo. Ndovu 1,000 ni sifa?

MzeeWaKaleTX: Marahaba mwanangu. Nilizungumzia bunduki, si pembe.

MtuWaMoroto: Huwezi kuvitenganisha! Bunduki ile ilikuwa ya kazi ile. Mnaowinda kwa leseni na msimu maalumu msijipime na mtu wa namna hiyo.

DumeLaPori: Zama zile kila mtu aliwinda pembe, hata machifu waliuza.

MtuWaMoroto: Taja chifu mmoja wa Karamoja aliyeua 1,000.

FunduMtutu: Hata kwa bunduki tu mfano haufai. Bell alitumia risasi ngumu za greni 173, zisizochanua kabisa, akalenga ubongo. Ngumu ya namna hiyo ukimpiga kulungu mapafuni inapita na kuacha tundu dogo, utamtafuta vichakani hadi usiku. Kulungu anataka kichwa kinachochanua.

MzeeWaKaleTX: Mimi nimesema shabaha. Mbona mnanijibu mambo mengine?

MkaaVirginia: Jamani, turudi kwenye sheria.

AskariWaMilimani: Colorado wanapima vyote: kaliba .24 kwenda juu, kichwa kinachochanua, kwa kulungu kisipungue greni 70, na nguvu ya futi-pauni 1,000 kwenye yadi 100. Mimi nawaunga mkono. Afisa wa wanyamapori hawezi kuipasua kila risasi aone ndani kuna nini, ila namba anaisoma kwenye ganda.

BintiTanga: Kwa hiyo niadhibiwe kwa sababu afisa hana muda? Na mwenye .243 aliyejaza risasi za koyote, anapita?

AskariWaMilimani: Dada, kwa greni 70 zile nyepesi nyingi zinaanguka. Si zote, nakubali.

MkaaVirginia: Hiyo ndiyo hoja yangu tangu asubuhi!

DumeLaPori: Mnaopigania kichwa, watoto wenu wanakula vipande vya madini ya risasi (lead). Mimi natumia kichwa cha shaba tupu. California wamekataza vichwa vya madini hayo kwa uwindaji tangu 2019.

BintiTanga: Leo umenena, kaka. Shaba ya .223 ya kulungu ipo?

FunduMtutu: Ipo, ila tazama mtutu kwanza. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa kinakuwa kirefu, na kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi. Mtutu wa zamani ambao mifereji yake ya ndani inaizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 12 unaishia kwenye greni 55 hivi za kawaida. Wako ni ngapi?

BintiTanga: Mmoja kwa 9.

FunduMtutu: Basi anza na shaba ya greni 55, ijaribu kwenye karatasi yadi 100 kabla ya msimu. Matundu yakiwa ya mviringo safi, sawa. Yakiwa marefu marefu, risasi inayumba, shuka uzito.

DumeLaPori: Au nunua .243.