Kutengeneza kasha la kompyuta nyumbani: plaiwudi au bati, na hewa ipite wapi?

Mkazi wa Uyole:

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Naishi Uyole, Mbeya, na nina vifaa vya kompyuta ya mezani ambavyo bado ni vizima kabisa, ila kasha lake limeliwa na kutu na mlango wake wa pembeni haufungi tena. Mazabodi, yaani bodi kuu, ni ya umbo dogo la Micro-ATX, pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme, ni ya kipimo cha kawaida cha ATX, kuna diski moja na kadi ya picha yenye feni mbili. Badala ya kununua kasha jipya nimekusudia kulitengeneza mwenyewe kwa mbao, kwa kuwa useremala mdogomdogo ninaufahamu na mbao huku kwetu hazitafutwi mbali. Kompyuta hii ndiyo ninayohariria video za harusi na za kwaya, hivyo huwaka kwa saa nyingi mfululizo na huchemka sana.

Ninaomba kujua ni mbao ya aina gani inafaa, matundu ya hewa yakae wapi, na kama kuna hatari yoyote ya umeme kasha lisipokuwa la chuma. Nimeshachora mchoro ambamo ukuta wa nyuma ni ubao wa milimita 18, na ningependa urekebishwe kabla sijakata chochote.

Seremala wa Mafinga:

Ndugu wa Uyole, ni vizuri umeuliza kabla msumeno haujaingia kwenye mbao, kwa sababu huo ukuta wa nyuma hautafaa. Nitaufikia.

Nianze na mbao, maana ndiyo kazi yangu. Msindano wa mashamba ya miti ya Sao Hill, huku kwetu Mafinga, ni mwepesi na hukatika vizuri, lakini mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi, na ubao mbichi ukikaa karibu na joto husinyaa, hupinda, na penye vifundo hutoa utomvu. Kasha la kompyuta halivumilii kupinda: tundu la skrubu likihama milimita 2 tu, kadi ya picha haitakaa sawasawa kwenye nafasi yake. Kwa hiyo kuta zote ningezifanya kwa plaiwudi ya milimita 12, ambayo tabaka zake zimegandishwa kwa kupishanisha nyuzi na kwa hiyo haichezi kirahisi. Ukipenda sura ya msindano, uweke kwenye fremu ya mbele peke yake, na mbao hizo uzipange ndani ya nyumba zikiwa na vijiti katikati hadi zikauke vizuri. Kwa baridi na ukungu wa nyanda zetu, hilo huchukua muda, na hakuna sababu ya kuliharakisha. Unapofunga skrubu kwenye ukingo wa plaiwudi, toboa kwanza kwa keekee nyembamba, la sivyo tabaka zitaachana.

Sasa ukuta wa nyuma. Bamba dogo linalozunguka matundu ya mazabodi, pale zinapochomekwa nyaya za skrini na kipanya, limeundwa kubana kwenye bati lenye unene wa takribani milimita 1. Ukiliweka kwenye ubao wa milimita 18, halitabana, na vichwa vya nyaya vitagota kwenye mbao kabla havijaingia. Tundu lake ni milimita 158.75 kwa 44.45, na nafasi za kadi zinapishana kwa milimita 20.32, vipimo ambavyo kwa msumeno wa mkono na rula ni vigumu kuvipata bila kukosea mahali fulani.

Ushauri wangu ni huu: kasha lako la zamani usilitupe. Likate kwa grinda uchukue bamba linalobeba mazabodi pamoja na ukuta wake wa nyuma vikiwa bado vimeshikana, ukwangue kutu kwa msasa, kisha ujenge mbao kuzunguka kipande hicho. Kutu ikiwa imeshatoboa sehemu hiyo, tafuta kasha bovu kwa mafundi wa kompyuta pale Mwanjelwa, kwa kuwa makasha yasiyo na vifaa huuzwa kama chuma chakavu. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo si kuanza mwanzo kabisa. Mimi naona kazi ya fundi ni kujua kipi kinahitaji mkono wake na kipi kimeshapimwa vizuri na kiwanda.

Fundi wa Kihesa, Iringa:

Naunga mkono la kipande cha kasha la zamani, na nina sababu nyingine inayogusa swali la umeme.

Kwenye kasha la chuma, pawasaplai, mazabodi na kuta zote zimegusana, na vyote vimeungana na waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, kupitia plagi. Hitilafu ikitokea, umeme hupata njia ya kwenda ardhini. Mbao hazipitishi umeme, kwa hiyo ukiitenga pawasaplai na bamba la mazabodi kwa plaiwudi, lile bamba linabaki bila ethi ya uhakika. Chukua waya wenye kichwa cha duara, ufunge upande mmoja kwenye skrubu ya pawasaplai na wa pili kwenye bamba. Kwangua rangi mahali hapo hadi chuma king'ae, kwa sababu rangi ya kupuliza huzuia umeme. Kisha chomoa kompyuta ukutani na upime kwa mita ya umeme kati ya pini ya ethi ya plagi na bamba: ukinzani uwe karibu na sifuri. Kagua pia soketi yenyewe, maana zipo nyumba ambazo tundu la ethi lipo lakini nyuma yake hakuna waya uliofungwa.

Halafu kuna vile vinguzo vya shaba vinavyoinua mazabodi kwa takribani milimita 6. Vifunge palepale penye matundu ya mazabodi yako, na kinguzo chochote kilichobaki bila tundu lake kiondoe. Kikigusa nukta zilizolehemiwa chini ya mazabodi, kinaweza kuiunguza mara tu unapowasha.

Kuhusu joto, nadhani ukitoboa kuta zote mbili za pembeni hewa itapita ya kutosha.

Mpiga picha wa Njombe:

Kwa heshima, ndugu yangu wa Kihesa, hapo sikubaliani nawe. Hewa hufuata njia fupi. Kuta za pembeni zikiwa na matundu kila mahali, feni ya nyuma itavuta hewa ya tundu lililo jirani nayo, na joto la kadi ya picha litabaki pale chini likizunguka. Kadi yenye feni mbili za wazi humwaga joto lake ndani ya kasha, kwa hiyo inahitaji njia moja iliyonyooka: hewa baridi iingie mbele chini, ipite kwenye kadi na prosesa (chipu kuu ya kompyuta), itoke nyuma juu. Weka feni mbili za milimita 120 mbele za kuingiza na moja nyuma ya kutoa. Matundu yake ya skrubu yanaachana kwa milimita 105. Pembeni kuzibwe kabisa.

Feni za kuingiza zikizidi za kutoa, hewa husukumwa nje kupitia kila upenyo, na vumbi halipati pa kuingilia isipokuwa mbele, ambako utaweka wavu wa dirisha unaotolewa na kusafishwa. Kwa vumbi la kiangazi la Mbeya, kuanzia Juni hadi Oktoba, hili ni la lazima. Pawasaplai ikae chini feni yake ikitazama sakafu, na kasha lipewe miguu ya milimita 25 ili ipate hewa.

Jambo moja ambalo wengi hatulifikirii ni mwinuko. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita, hivyo feni ileile kwa kasi ileile huondoa joto pungufu. Baridi yenu hufidia, lakini matundu usiyabane.

Mkazi wa Uyole:

Nashukuru sana, ndugu zangu. Bamba la nyuma la kasha langu ni zima, kutu iko chini na mlangoni, kwa hiyo nitalikata. Nimebakiwa na swali moja: kitufe cha kuwashia kimevunjika. Nitumie nini?

Fundi wa Kihesa, Iringa:

Kwanza nimekubali hoja ya njia moja ya hewa. Fuata maelezo ya Njombe.

Kitufe cha kengele ya mlangoni, kile kisicho na taa, kinatosha. Kazi yake ni kugusanisha pini mbili za kuwashia zilizo kwenye mazabodi kwa muda mfupi na kuziachia, na haijalishi waya upi uende pini ipi. Taa ndogo ya kuonyesha kompyuta imewaka ndiyo yenye chanya na hasi. Isipowaka, geuza nyaya zake. Kitufe kiweke juu, upande wa mbele, mbali na wavu ili usikibonyeze unapousafisha, na nyaya zake ziache ndefu kidogo ili uweze kutoa fremu ya mbele bila kuzing'oa.