Naomba ushauri, fomu ya msaada wa ulemavu kwa mgonjwa wa akili
Wakuu habari, nina baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka sana) mwaka wa 6 sasa na kazi imenishinda, nataka kuomba ile hela ya serikali ya wenye ulemavu ila fomu yenyewe utadhani ya mtu aliyekatika mguu. Unaweza kutembea? kubeba mzigo? kuvaa mwenyewe? Naweza jamani, lakini kuna wiki sitoki kitandani hata uso sinawi, na zingine silali siku 3 naongea kama redio. Sasa najaza siku nzuri au mbaya?

Barua ya daktari imetaja ugonjwa na dawa yangu ya lithiamu tu, haisemi navyoshindwa kazi, nirudi aandike upya? Dada ndo anajua nikizidiwa, maelezo yake yanasaidia? Naogopa siku ya kuhojiwa niwe freshi waseme nadanganya.